Kompyuta Niliyoifundisha Shikamoo

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuifundisha kompyuta shikamoo. Nalitaja mapema kabla hamjalisikia kwa Mzee Salum, maana yeye akilisimulia huongeza na mikono, na watu wa Kamuli wanacheka mpaka leo nikipita na baiskeli, na mimi nikiikumbuka ile Ijumaa masikio yanapata moto kama mtoto aliyechapwa mbele ya wageni. Aibu naikubali. Lakini nilionewa pia, tena nilionewa na mashine, na hasira yangu haijaisha, kwa hiyo nisikilizeni mpaka mwisho ndipo mcheke.

Mnanijua nilivyo. Mimi ni mtu wa kufunga mlango, kwenda hatua chache, kurudi kuutikisa, kwenda tena, kisha kukaa nyumbani nikijiuliza kama niliutikisa vizuri. Barua ikiwa na doa dogo la wino naiandika upya yote. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyekabidhiwa kompyuta ya pekee katika eneo letu, hapo mwishoni mwa miaka hii ya tisini, katika ofisi ya mradi wa wakulima yenye vyumba viwili na paa la bati, ukuta kwa ukuta na duka la Mzee Salum.

Shirika moja la misaada lilipomaliza shughuli zake upande huu lilituachia ile kompyuta pamoja na redio kubwa ya mawasiliano. Kompyuta ilitumia umeme wa jenereta iliyowaka usiku na mchana, redio ilitumia betri ya gari, na redio hiyo iliungwa na waya mrefu uliotandazwa juu kati ya nguzo mbili uani. Ukiandika barua kwenye kompyuta, redio inalia kama mbuzi aliyebanwa mkia, na barua inaruka hadi ofisi yetu ya Bukoba (hiyo ndiyo imeili, na msiniulize inarukaje). Redio hiyohiyo ilitumika pia kuzungumza kwa sauti, ila mashine mbili zikiwa zinazungumza, binadamu anasubiri. Ndivyo ilivyotengenezwa. Hata hilo lilinikera.

Hakuna aliyenifundisha kuitumia. Nilikuwa na kitabu cha Kiingereza kilichokosa jalada na kamusi ya shule yenye kurasa zilizoliwa na mende kuanzia herufi S, basi kila neno la S nilikuwa nakisia. Nilijifunza hivyo, ukurasa kwa ukurasa, na nilipofaulu kutuma barua ya kwanza nililia kidogo (nasema kidogo).

Tatizo likawa adabu. Baba yetu alitoka Rwanda akiwa kijana, akaja kuchuma kahawa za watu kabla hajapata shamba lake, na alitulea na sheria moja: mtu akikusalimia ukakaa kimya, hata kama una mfupa kooni, wewe si mtu. Sasa barua zilikuwa zinaingia Jumamosi jioni mimi nikiwa nimeshaondoka, zinakaa pale hadi Jumatatu bila jibu, na mimi Jumapili nzima kanisani sisikii mahubiri, nawaza kuna mtu amenisalimia na sijamwitikia.

Ndipo Jumamosi moja nikakuta kwenye kitabu ukurasa unaosema programu ya imeili inaweza kujibu yenyewe. Unaiandikia maneno, unaiwekea kanuni, na barua yoyote ikiingia inajibiwa papo hapo hata kama wewe uko shambani. Nikaandika hivi: "Shikamoo. Barua yako imefika salama. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu, migomba inaendelea vizuri. Utajibiwa kikamilifu karibuni." Shikamoo niliiweka makusudi, kwa sababu mashine haiwezi kujua umri wa aliyeandika, na ni afadhali umwamkie mtoto kuliko kumvunjia heshima mzee. Nikaongeza kanuni ya pili, kwamba barua iliyokwisha kujibiwa namna hiyo ijihamishe yenyewe kwenda kwenye kifuko nilichokiita Zilizojibiwa, ili sanduku langu la barua libaki jeupe kama sahani iliyooshwa. Nilikusudia kukikagua kifuko hicho kila Jumatatu.

Kama ningeishia hapo, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini nilipoona uzuri wa kile kitu sikuweza kukaa nao peke yangu. Jumamosi hiyohiyo nikamwita kwa redio Bwana Feliksi, karani wa ofisi yetu ya Bukoba, nikamweleza naye aweke.

"Ina faida gani? Ova," akauliza (redioni ukimaliza unasema ova, ndipo mwenzako azungumze).

"Ni adabu, Bwana Feliksi. Mtu akikuandikia asikose jibu. Ova."

Akaweka, nikimwelekeza neno kwa neno. Na kwa kuwa Feliksi ni mtu mwema, yeye aliandika: "Marahaba. Barua yako tumeipata. Na sisi hatujambo. Habari za huko?"

Mmeshaona? Basi mimi sikuona.

Jumatatu ikaja barua ambayo nyumbani kwetu tulikuwa tukiiombea. Dada yangu mkubwa, Imaculata, ndiye aliyenilea mama alipofariki. Aliacha shule ili mimi niendelee, akapata kazi ya kufagia na kuchemsha vyombo katika zahanati, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kunikumbusha jambo hilo hata siku tuliyogombana. Alikuwa ameomba nafasi ya kusomea uuguzi huko Bukoba. Chuo hakikuwa na kompyuta, kikapitisha majibu kwa Feliksi: nafasi ipo, akubali au akatae kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa, akinyamaza atapewa anayefuata.

Imaculata aliisoma amesimama. Kisha akakaa. Kisha akaniambia, "Deo, jibu sasa hivi."

"Nitaijibu vizuri," nikasema.

Jamani, hilo neno vizuri! Jumatatu yote niliitengeneza ile barua, redio ikilia nyuma yangu nami nisiijali. Nilipanga nafasi za pembeni, nikabadilisha "ninakubali" kuwa "naikubali", nikarudisha, nikatafuta neno la shukrani ambalo halijachoka. Jumanne asubuhi nikabonyeza kitufe cha kutuma, nikakunja mikono kusubiri mbuzi alie. Alilia. Akalia asubuhi nzima, akalia mchana, na barua ya dada bado iko palepale inasubiri foleni. Foleni ya nini? Nilipojaribu kuifungua hiyo foleni niitazame, skrini iliganda. Sanduku langu la barua lilikuwa jeupe, hakuna kitu, na kompyuta yenyewe imeanza kukokota miguu: unabonyeza herufi, unaweza kupiga mswaki, ndipo inatokea.

Jumatano Imaculata akapita akitoka zahanati. "Si tumwite Feliksi kwa sauti? Zima hiyo mashine, mwite, mwambie dada anakubali, yamekwisha."

Na mimi (naandika huku nimefumba jicho moja) nikamjibu: "Dada, ukiizima barua zikiwa njiani utaziharibu. Haya mambo yana utaratibu. Niachie mimi."

Akaniangalia, akaniachia. Alizoea kuniamini, na hapo ndipo panaponiuma zaidi.

Alhamisi nikaanza matibabu. Nilifungua kasha la kompyuta nikapuliza vumbi mpaka nikaona nyota. Nikaondoa kitambaa cha kufuma nilichokuwa nimekiweka juu yake, nikidhani inakosa hewa. Nikasoma kwamba vitu vingi vikijaa ndani mashine inachoka, basi nikafuta kila nisichokijua, ukiwemo mchezo wa karata ambao Mratibu wetu, mkuu wa ofisi, aliucheza kila siku baada ya chakula. Akaja na kijiti chake cha meno, akakaa, akatafuta, akageuka.

"Deo. Karata zangu ziko wapi?"

"Nimezifuta, mzee. Zilikuwa zinapunguza kasi."

"Na sasa kasi imerudi?"

"Bado, mzee."

"Basi umenipunguzia mimi," akasema, akatoka nje kukaa kwenye benchi kama mtu aliyefiwa.

Baada ya hapo kilichobaki kilikuwa umeme. Mashine nimeisafisha, programu nimeisoma mpaka herufi R, mimi nimefanya kila kitu sawasawa, kwa hiyo kosa liko kwa mtu mwingine. Dizeli ya jenereta tulinunua kwa Mzee Salum. Nikaamua, bila ushahidi wowote ila hasira, kwamba Mzee Salum anaichanganya na maji.

Ijumaa asubuhi mvua ilikuwa imenyesha, udongo mwekundu umelainika kama unga wa uji. Ilikuwa siku ya mkutano wa wakulima, watu wameshajaa kwenye mabenchi uani, wengine wametoka mbali na baiskeli zao, wakipitishiana kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna. Nafika, natazama juu, naona nini? Kanzu nyeupe ya Mzee Salum inaning'inia kwenye waya wa redio! Mashine inanitesa tangu Jumanne, dada yangu amebakiwa na saa chache, na mtu ameanika kanzu!

Sikufikiri. Niliivuta. Ikaja vizuri, ikanipita mikononi, ikalala kifudifudi kwenye tope.

Mzee Salum alitoka dukani taratibu. Ukoo wake ulitoka pwani zamani, babu yake alikuja na biashara, na yeye Kiswahili chake ni kile cha kukatia ngozi bila damu kutoka. Akaitazama kanzu, akanitazama mimi.

"Deogratiasi. Nimekukosea nini, baba? Leo Ijumaa."

Hata shikamoo sikumpa. Mimi! Mimi niliyeiwekea kanuni mashine ili isimkose mtu salamu! Nikaanza moja kwa moja: "Unaanika nguo kwenye mtambo! Na dizeli yako ina maji! Dada yangu anakosa chuo kwa ajili ya maji yako!"

Mabenchi yakageuka. Kikapu cha kahawa kikasimama hewani.

"Dizeli yangu ina maji," akarudia polepole, kama anayeonja. "Haya. Tuonyeshe, na wenzako waone."

Nami, kwa kuwa nilikuwa na uhakika wa mtu asiyelala vizuri, nikaingia, nikazima jenereta, nikamimina dizeli yake kwenye chupa nyeupe ya soda, nikatoka nayo nikainyanyua juani mbele ya wakulima wote. Ilikuwa safi. Ilikuwa safi kama chai ya rangi, ungeweza kusomea gazeti kupitia ile chupa.

"Maji yako wapi?" akauliza Mzee Salum.

"Yamejificha," nikasema. (Nilisema hivyo. Nasikia sauti yangu mpaka leo.)

"Labda yanaogopa adabu zako," akasema, na mtu mmoja nyuma akapaliwa na kahawa.

Sasa angalieni mambo yalivyojipanga. Jenereta imezimwa, maana yake kompyuta imezimika, maana yake mbuzi amenyamaza kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Lakini redio ina betri yake, na dirisha la ofisi liko wazi, na spika nilikuwa nimeifungua hadi mwisho ili nisikilize hitilafu. Kisha redio ikakwaruza na sauti ya Feliksi ikatoka, kubwa, uani kote.

"Kamuli, Kamuli, Bukoba hapa! Hatimaye! Kuna mtu mzima hapo? Ova!"

Mratibu akaingia ndani akashika kipaza sauti, nami nyuma yake na chupa yangu. "Bukoba, Kamuli tunakupata. Kuna nini? Ova."

"Mwambieni Deo aache kunisalimia! Ova!"

Mratibu akageuka kunitazama. Vichwa vya wakulima vikajaa dirishani.

"Rudia, Bukoba. Ova."

"Tangu Jumatatu ananiamkia! Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Mashine yangu inaitikia marahaba, yake inaniamkia tena, na kila shikamoo inakuja imebeba mgongoni shikamoo zote za nyuma! Mashine imejaa, imeganda, sioni barua ya mtu yeyote! Na migomba inaendelea vizuri, nimeshajua! Ova!"

Hapo ndipo nilipoelewa yote kwa pamoja. Barua ya chuo ilipoingia, mashine yangu ilijibu kwa adabu. Ya Feliksi ikaitikia kwa adabu na kuuliza habari za huko. Yangu haiwezi kuulizwa habari ikanyamaza. Na yote yakajihamisha kwenye kile kifuko cha Zilizojibiwa, ambacho Jumatatu sikukikagua kwa sababu nilikuwa napamba barua ya dada. Na barua ya dada ilikuwa mwisho wa foleni, nyuma ya heshima yangu.

Uwanja ulilipuka. Mzee mmoja alilazimika kushikwa asianguke kwenye benchi. "Jamani waitu, salamu zetu sisi Wanyambo huwa ndefu," akasema huku akifuta machozi, "lakini hii ya siku tano sijapata kuisikia!"

Badala ya kunyamaza nikampokonya Mratibu kipaza sauti. "Bwana Feliksi, mbona na wewe unaitikia? Nani alikwambia uulize habari za huko? Ova!"

"Wewe ndiye uliyenifundisha! Ulisema ni adabu! Ova!"

"Ungeacha kwanza wewe! Ova!"

"Niache vipi mtu ananiamkia? Ova!"

Tukaendelea hivyo, wanaume wawili wazima, wilaya nzima ikisikiliza, kila mmoja akitaka mwenzake ndiye awe wa kwanza kukosa adabu, mpaka mkono ukaja kutoka pembeni ukakichukua kipaza sauti mkononi mwangu. Ulikuwa mkono wa Imaculata. Alikuwa amekuja na vazi lake la kazi la zahanati, alikuwa mlangoni muda wote, alisikia yote. Saa ya ukutani ilikuwa imeshapita saa tano na nusu.

Dada yangu, mnamjua, ni mtu wa kupiga goti. Akikutana na mzee njiani anatua kwanza mzigo kichwani ndipo anaamkia. Akakisogeza kipaza sauti mdomoni.

"Bwana Feliksi, ni Imaculata hapa. Leo sina salamu. Shika kalamu. Ova."

Dirishani watu waliacha kucheka. Hata Mzee Salum aliyekuwa ameshika kanzu yake kwa vidole viwili alisogea karibu.

"Nimeshika. Ova."

"Andika: nafasi naikubali, nitafika siku mliyoitaja. Imaculata wa zahanati ya Kamuli. Nisomee. Ova."

Akamsomea. Barua niliyoipamba Jumatatu nzima, yote, ilikuwa hiyo.

"Hivyohivyo. Sasa ondoka uipeleke chuoni. Ova."

"Nimalizie tu kufunga hapa, halafu... Ova."

"Feliksi! Kimbia!"

Redio ikanyamaza. Hakuna aliyerudi kwenye benchi. Mratibu aliutazama mkutano wake ukiwa umesimama dirishani, akauacha usimame. Mimi nilibaki nimeshika chupa ya dizeli, sijui niiweke wapi, na dada yangu hakuniangalia. Angenitukana ningepona. Alisimama tu akiitazama ile saa, vidole vyake vikikunja na kukunjua pindo la vazi lake, na mimi nilikumbuka vidole hivyo vikinifunga vifungo vya shati la shule ambayo yeye aliiacha.

Mshale uligusa saa sita. Ukaipita. Mtu mmoja nje akasema "pole" kwa sauti ya chini, akanyamazishwa.

Kisha redio ikakwaruza, na kwanza hatukusikia maneno, tulisikia mtu anahema.

"Kamuli... Bukoba hapa. Imefika. Nimeingia karani anafunga dirisha, nikaweka mguu. Amegonga muhuri mbele yangu. Naomba mnipe muda nikanywe maji. Ova."

Sitawaelezea kelele za uani. Imaculata alisubiri zipungue, akapangusa uso kwa kiganja, akabonyeza kitufe na kusema kwa upole wake wa siku zote, "Asante sana, kaka. Sasa habari za tangu asubuhi? Za nyumbani? Watoto hawajambo? Ova." Na Feliksi, akiwa bado anahema, akaitikia moja baada ya nyingine.

Kanzu niliifua mwenyewe. Niliisugua, nikaisuuza, nikaifua tena mpaka maji yakatoka meupe, nikaipiga pasi ya mkaa, nikaipeleka dukani kwa mikono miwili. Nilimwamkia na kumwomba radhi. Mzee Salum akapitisha kidole kwenye mkunjo wa mkono.

"Mikunjo hii inaweza kuchinja kuku," akasema. "Umesamehewa. Dizeli utaendelea kununua hapa?"

Nilisema ndiyo. Angesema ninywe ningeinywa.

Bado nina hasira na ile programu. Mtu akisalimiwa mara ya pili na mtu yuleyule palepale huuliza, ndugu yangu, unaumwa? Mashine haikuuliza. Iliona mwenzake anaisalimia siku tano na haikushangaa hata kidogo, ilijua kutii tu, na watu wanasema eti ina akili.

Imaculata yuko mwaka wa pili chuoni. Zile kanuni mbili nilizifuta jioni ileile, na za Bukoba pia zikafutwa. Karata za Mratibu zilirudi. Barua ikiingia naisoma, namjibu aliyeandika kwa mistari michache na kuituma siku hiyohiyo hata kama kuna neno silipendi, na ikikawia nazima mashine nazungumza kwa sauti. Shikamoo naitoa kwa mdomo, na ya kwanza kila asubuhi ni ya Mzee Salum.